Nukta ya Fedha Pale Chemchemini

Roccalta, Jumapili, 12 Septemba 1824

Mchoraji aliyelala hapa mwaka jana aliniachia daftari hili jipya, halina hata mstari, na mimi si mtu wa kuacha karatasi nzuri iliwe na panya. Masista walionilea walinifundisha kuandika, halafu nikaolewa, nikawa sina la kuandika. Leo ninalo. Binti yangu Ersilia amechumbiwa na Settimio.

Mama Settimio, yaani Bibiana, alipanda ngazi zetu baada ya misa akiwa kavaa nguo nyeusi ya sikukuu, uso umekaza utadhani anakuja kukamata mwizi. Alifungua leso, akatoa pini ya fedha, akaichomeka kwenye nywele za mwanangu. Ni pini ya ukoo wao, ndefu kama shibiri, na kichwa chake ni komamanga dogo. Bibiana mwenyewe aliivaa hadi alipofiwa na mume, miaka ishirini na miwili iliyopita. Tangu hapo ilikaa sandukuni, maana kwetu mjane havai fedha kichwani. Na pini ya mchumba ikiingia kwenye nywele za mjane, wanasema, bwana harusi hazeeki.

Harusi ni siku ya Mtakatifu Martino, tarehe kumi na moja Novemba, divai mpya ikifunguliwa. Kesho yake Settimio anashuka na kundi la mwisho la kondoo kwenye nyanda za chini, kule kwenye homa. Homa hiyohiyo ilimchukua mume wangu Ruggero miaka sita iliyopita, kwa hiyo sipendi hata kuitaja.

Ersilia hakucheka wala hakulia. Nilimuuliza kama amefurahi, akasema ndiyo, mama, akaenda kulisha kuku. Mtoto huyu karithi ukimya wa baba yake. Ukitaka neno kutoka kwake ni kulivuta kwa kamba kama ndoo.

15 Septemba

Mgeni kaja na nyumbu wawili, mmoja wa mizigo yake na mmoja wa mbao na turubai la kuchorea. Mjerumani, miaka ishirini na sita, mwembamba, masikio yameungua jua. Ameikimbia homa ya Roma. Jina lake halitamkiki. Padri alipoambiwa maana yake, mpenda Mungu, akasema basi kwetu huyo ni Teofilo, na Teofilo amekuwa. Lugha yetu aliisomea vitabuni, kwa hiyo anaomba chumvi kama mtu anayesoma waraka wa mtume.

Nimempa chumba cha juu na ghala la nafaka, maana anataka ukuta mrefu na dirisha la kaskazini. Ana picha moja kubwa ya kuchora, ya kwanza kubwa maishani mwake. Ikikamilika itasafirishwa kwao, wakubwa waliomtuma huku waone kama amejifunza kitu.

17 Septemba

Mvua. Teofilo kala ugali wa mahindi na jibini ya kondoo, kaongezewa mara tatu. Nimempenda.

23 Septemba

Nimepeleka maji ghalani nikaona vijikaratasi vyake. Ni bonde letu, lakini kanisa halipo. Nikamuuliza kanisa amelipeleka wapi. Akasema kwa adabu kwamba picha yake ni ya zamani sana, kabla ya makanisa, hivyo amelitoa na kuweka hekalu lililobomoka. Mto ameusogeza karibu ili ung'ae katikati. Mwaloni wa Checca ameuhamishia kushoto. Checca ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mdomo wake haujui kupumzika, na akisikia mwaloni wake umehamishwa bila ruhusa atakwenda kwa hakimu.

Nilimuuliza kwa nini asichore vitu kama vilivyo. Akanijibu:

"Ninavichukua vilivyo vya kweli, Mama Diomira, nami ninavipanga hadi vitulie."

Sikumwelewa. Lakini jioni niliposimama dirishani nilijikuta nami naupanga ule mlima.

29 Septemba

Sikukuu ya Malaika Mikaeli. Kesho tunaanza kuvuna zabibu.

4 Oktoba

Kijiji kizima kiko mashambani. Mimi nimebaki kupika dengu za wavunaji, na nilipoepua chungu nilikuwa nanuka moshi mpaka kwenye kope. Nikaenda chemchemini nyuma ya nyumba kuosha nywele. Ersilia haendi shambani na ile pini, anaogopa kuipoteza, huiacha kwenye kikombe dirishani. Nikipita, nikaichukua. Sijui kwa nini. Hapana, niandike ukweli, daftari ni langu: ilikuwa inang'aa na hapakuwa na mtu.

Nilishusha blauzi mabegani. Niliosha nywele, shingo, na mgongo hadi pale mkono ulipofika, nikazifunga nywele juu nikachomeka komamanga la Bibiana. Halafu nikakaa kwenye jiwe, jua likinipiga mgongoni. Ng'ambo ya korongo niliuona mwavuli mweupe wa Teofilo, mdogo kama uyoga, nikajua yuko chini yake. Ningeweza kupandisha blauzi. Sikuharakisha.

Akili iliporudi niliichomoa pini, nikaifuta kwa aproni mara tatu, nikairudisha kikombeni. Nina miaka arobaini na mmoja na binti wa kuolewa. Mungu anisamehe, na Settimio azeeke mpaka ang'oke meno yote.

6 Oktoba

Zabibu. Mgongo unauma.

7 Oktoba

Zabibu.

13 Oktoba

Ghala limefungwa kwa ndani tangu Jumatatu. Nyumba nzima inanuka mafuta ya kitani. Chakula namwekea mlangoni, na sahani inarudi safi utadhani imelambwa na paka.

19 Oktoba

Nimegombana na Ersilia. Tulikuwa tunakunja mashuka ya harusi, nikamwambia anayakunja kama anakunja magunia. Akayakunja upya, kimya. Nikamuuliza kama anampenda huyo Settimio au anaolewa ili aondoke kwangu. Akanitazama tu. Hasira ikanipanda, nikamwambia ana moyo wa jiwe. Akasema, "Shuka hili lina tundu, mama," akachukua sindano.

Sijawahi kuona mtoto mkavu hivi.

24 Oktoba, Jumapili

Sitalala kabla sijaandika haya.

Nyumba hii ina desturi tangu enzi za Ruggero: mchoraji hapakii nyumbu kabla kijiji hakijaiona kazi yake. Jumapili baada ya misa watu wanapanda, wanamiminiwa divai, kila mmoja anatafuta shamba lake kwenye picha, wanabishana, wanashuka wamefurahi. Teofilo alikuwa amenyoa na kujikata sehemu mbili. Alilivuta shuka, na picha ikawa mbele yetu, pana kuliko kitanda cha ndoa.

Mimi nilisahau kumimina. Lilikuwa bonde letu na halikuwa letu. Milima ni ileile, ila imetulia kama vile haijawahi kuona watu wakigombana. Kushoto mwaloni mzito wenye giza, katikati mto unang'aa, kule mbali hekalu, mbuzi, mchungaji na filimbi yake. Na kulia, chini ya mwamba, chemchemi yangu. Kando yake mwanamke, mdogo kama kidole gumba, ametugeuzia mgongo, mabega wazi, nywele zimefungwa juu. Kwenye nywele hizo nukta moja nyeupe, ndogo kuliko punje ya dengu.

Kwanza walilalamikia kanisa. Padri alisema haidhuru, hekalu nalo limebomoka, ni fundisho. Halafu Checca akaudai mwaloni wake. Halafu akasogea, akasogea tena. Checca ambaye hawezi kutunga uzi kwenye sindano, aliiona.

"Jamani. Hiyo si ile pini ya kwa kina Bibiana?"

Picha yenye milima mitano na mto mzima, na watu arobaini wakaanza kutazama kitu kisichozidi mdudu. Kisha wakageuka, wote kwa pamoja, wakamtazama Ersilia. Mwanangu aliitazama picha kwa muda mrefu. Halafu akainamisha kichwa, hakusema ndiyo wala si mimi. Bibiana aliweka bilauri mezani, divai haijaguswa, akashuka ngazi. Settimio alisimama katikati ya chumba mikono ikining'inia, kisha akamfuata mama yake.

Teofilo hakuelewa kinachoendelea. Alidhani hawakuipenda picha.

Na mimi? Nilikuwa na jagi mkononi na ulimi mdomoni, nikatumia jagi. Nilizunguka nikimimina divai.

25 Oktoba

Settimio amekuja na ujumbe. Mama yake anataka pini irudi kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Mchumba aliyeweka mabega wazi mbele ya mgeni, tena na fedha ya ukoo kichwani, haingii kwake. Alisema hayo akiwa anatazama viatu. Halafu akamwambia Ersilia amtamkie neno moja tu, kwamba yule si yeye, naye atapanda mnara wa kengele alitangaze.

"Siwezi kukuambia hivyo," Ersilia akasema.

Aliondoka macho mekundu. Nilikuwa nyuma ya mlango. Sikutoka.

26 Oktoba

Sijasema.

27 Oktoba

Mvua. Sijasema.

Najitetea hivi: nikisema ni mimi, basi pini imeingia kwenye nywele za mjane, na Bibiana ana mtoto mmoja tu, na mtoto huyo anashuka kwenye homa. Ataivunja ndoa kwa hofu badala ya kuivunja kwa aibu. Kwa mwanangu ni yaleyale. Kwa nini basi nijiaibishe?

Ndivyo ninavyojidanganya. Ukweli ni kwamba naona haya. Na nikifumba macho namwona Settimio kitandani anatetemeka kwa homa, na mimi ndiye niliyempeleka.

28 Oktoba

Asubuhi nilipanda ghalani nikamweleza Teofilo yote. Ilibidi nimweleze polepole, kila kitu mara mbili: pini, mjane, mchumba. Alipoelewa aligeuka mweupe kama chokaa. Alisema hakujua pini ina maana, aliona nukta ya mwanga, na picha nzima ilikuwa inaihitaji pale. Akachukua kisu chembamba.

"Mama Diomira, ninaifuta sasa hivi."

Kisu kilikuwa tayari kwenye turubai. Nikamshika mkono. Wameshaiona watu arobaini. Ikifutwa leo watasema tumeficha, na hapo mwanangu atakuwa hana pa kusimama. Aliketi kwenye ndoo akashika kichwa. Nikamwonea huruma, amechora mwezi na nusu na sasa hawezi kuitazama kazi yake.

Mchana tulikuwa tunabangua lozi, mimi na Ersilia. Nikaona siwezi tena. Nikamwambia kuna jambo nataka kumweleza kuhusu yule mwanamke wa kwenye picha. Hakuinua kichwa.

"Naijua ile shingo, mama. Nakusuka tangu nina miaka saba."

Lozi zilinianguka. Nilimuuliza, kama alijua tangu Jumapili, kwa nini alikubali kutazamwa vile, kwa nini alimwacha Settimio aondoke analia.

"Ningesema si mimi, wangeuliza ni nani. Humu ndani tuko wawili."

Aliendelea kubangua. Aliniambia kwamba Settimio angempata msichana mwingine, na yeye angekaa hapa na mimi, tungefungua vyumba vya nyuma, wageni wapo. Alikuwa ameshapanga yote. Siku nne nilikuwa namwita mkavu moyoni mwangu, na siku nne yeye alikuwa amenifunika kwa jina lake mwenyewe.

Nilimkumbatia pale pale juu ya maganda. Alilia, hatimaye, kwa sauti, kama alivyolia siku baba yake alipokufa. Nikamuuliza tena kama anampenda Settimio, akasema, "Mama, acha kuuliza vitu unavyovijua."

30 Oktoba

Nimekwenda kwa Bibiana.

Nilimkuta jikoni amekaa chini, katikati ya sufu. Alikuwa anafumua godoro la maharusi, lile aliloanza kulijaza tangu kiangazi. Nusu lilikuwa limekwisha kufumuliwa. Hakuniambia karibu, hakuniambia toka. Niliiweka pini juu ya meza, nikabaki nimesimama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Yule wa kwenye picha ni mimi, Mama Settimio."

Mkasi haukusimama. Nikaendelea, nikamweleza dengu, moshi, kikombe cha dirishani, kila kitu. Nilimwambia sikukaa ili nichorwe, lakini mwavuli niliuona. Hapo ndipo aliponitazama. Bibiana ana macho madogo meusi, na akikutazama unahisi amekupekua mifuko.

"Uliuona, na hukujifunika."

"Sikuharakisha."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa swali hilo. Nikamjibu lililonijia. Nilimwambia jua lilikuwa zuri, na kwa miaka sita nimebeba kuni na maji na mizigo ya wageni, nikasahau kwamba nina mgongo kwa sababu nyingine.

Alikata uzi mmoja, akauvuta wote, mrefu. Kisha akauliza, nilipoichomeka ile pini sikumfikiria mwanawe? Nikasema siku ile sikumfikiria. Sasa namfikiria kila saa, na kama kuna laana basi naomba inifuate mimi, Ersilia hana kosa lolote ila kunyamaza kwa ajili yangu.

Bibiana aliinuka, sufu imemganda kwenye sketi. Aliichukua pini, akaitazama, akaitia mfuko wa aproni.

"Hii imeharibika. Nenda nyumbani."

Nilipofika mlangoni nilisikia mkasi umeanza tena, sijui kama alikuwa anafumua au anafanya nini.

31 Oktoba, Jumapili

Nilijua haitoshi kumwambia Bibiana peke yake. Baada ya misa wanawake hukaa kwenye ngazi za kanisa kuulizana habari za wiki. Nikasimama mbele yao, nikajikaza, nikasema kwa sauti: mwanamke wa kwenye picha ni mimi, Diomira, mjane wa Ruggero, na mwanangu siku ile alikuwa shambani.

Nilitegemea wangenitemea mate. Walicheka.

Checca alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema mama yeyote angefanya hivyo, ni jambo la heshima, lakini ningetafuta uongo unaonitosha. Mgongo ule? Na mabega yale? Alinizungusha kwa mkono wake mwenyewe, akanipiga papa hapa kiunoni, akawauliza wenzake kama wanaona kufanana popote. Mwingine akasema mjane hawezi kuthubutu kuvaa fedha, hata kichaa hathubutu, kwa hiyo moja kwa moja nasema uongo. Nikaapa. Wakanihurumia. Hilo lilinichoma kuliko kicheko.

Bibiana alikuwa ngazi ya juu, amesikia kila neno. Alivuta shali yake akapita.

1 Novemba

Watakatifu Wote. Nimepeleka taa kaburini kwa Ruggero. Nilimweleza yote. Ruggero angecheka, halafu angeniuliza kama maji yalikuwa baridi.

Kwa Bibiana kimya.

3 Novemba

Teofilo ameondoka. Picha imeviringishwa kwenye gunia la ngozi, rangi bado inanata kidogo pembeni, lakini barua imekuja na anahitajika Roma. Jana alikwenda kwa Padri, akaeleza kwa ile lugha yake ya kitabuni kwamba mwanamke aliyemchora ni mwenye nyumba, si binti. Padri alimwamini. Kijiji hakikumwamini, maana mgeni aliyekula ugali wangu wiki saba atasema ninachotaka.

Pale uani, nyumbu wakiwa tayari, nilimuuliza kitu kilichonikera tangu Jumapili. Nilimwambia anijibu kweli. Amelihamisha kanisa, ameuhamisha mwaloni, ameusogeza mto. Na mgongo wangu je, aliurudisha ujana kiasi gani?

Masikio yakawa mekundu zaidi ya siku zote.

"Huo peke yake sikuugusa, Mama Diomira. Ulikuwa umetulia tayari."

Nilimfungia jibini na mkate kwenye kitambaa nikamwambia aende kabla jua halijawa kali. Hakukuwa na jua. Nilisimama barabarani mpaka nyumbu walipopinda kona.

7 Novemba, Jumapili

Settimio amekuja, amenyooka kama askari. Mama yake anasema: Alhamisi, saa nne, mbele ya kanisa, ndoa ipo. Bibi harusi aje bila fedha kichwani.

Alikuwa na furaha kiasi kwamba hakuelewa alichokileta. Kwetu hakuna bibi harusi aliyewahi kupanda ngazi zile kichwa kitupu, ila yule mmoja wa enzi za mama yangu, ambaye tayari alikuwa na mimba. Bibi harusi bila pini ni kukiri kwamba kijiji kizima kilisema kweli. Bibiana anamchukua mwanangu, na anamwadhibu siku ileile mbele ya watu wote, ili amkumbushe maisha yake yote.

Nikamwambia Ersilia tukatae. Tufunge milango, tufungue vyumba vya nyuma kama alivyosema.

Alifikiri wakati anakoroga ugali, akaepua, akasema atakwenda. Wakitazama kichwa chake watachoka kutazama, alisema, na Settimio atakuwepo baada ya wao kuchoka. Sikujua mwanangu ana akili hivi. Naanza kumjua mwezi anaoondoka.

10 Novemba

Nimemsuka. Nywele zake nzito, kamba sita, na pale pini inapokaa nimeacha wazi. Nilitaka niweke hata ua, akakataa.

11 Novemba, Mtakatifu Martino

Naandika saa tisa mchana. Wengine wako chini wanakula na kuimba, nimesema nakuja kuchukua jagi.

Kulikuwa na baridi kavu na anga safi. Tulipotokea uwanjani watu walikuwa wamejaa kuliko siku ya Pasaka, na macho yote yalikwenda kichwani kwa Ersilia. Nilisikia mnong'ono ukipita kama upepo kwenye majani makavu. Mwanangu alitembea mbele yao shingo imesimama. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa nguo yangu nyeusi, na nilikuwa nakufa.

Settimio alikuwa mlangoni. Bibiana alikuwa ngazi ya chini, peke yake, mkono kwenye mfuko wa aproni. Aproni siku ya harusi ya mwanawe. Tulipokaribia alitoa mkono, na komamanga likawaka juani.

Kila mtu akavuta pumzi. Nami nikadhani amemsamehe, atamchomeka. Ersilia naye alidhani hivyo, aliinama kidogo. Bibiana akampita. Alikuja hadi kwangu, akasimama mbele yangu, mfupi, mgumu, macho yale meusi.

"Geuka," akasema.

Sikuelewa. Akanishika bega akanigeuza mwenyewe, uso wangu kwenye watu, mgongo kwake. Alinivua shali ya kichwani. Nilisikia vidole vyake shingoni, baridi, vikikusanya nywele zangu na kuzipandisha juu, polepole, kama anayejua kazi hiyo na hajaifanya siku nyingi. Halafu nikasikia pini ikiingia.

"Fedha hii imekaa kichwani kwa mjane," aliwaambia, hakuinua sauti wala hakuhitaji. "Haiwezi kwenda kwa bibi harusi, na haikwenda. Mwanangu anaoa kichwa kisicho na laana. Mwenye pini ni huyu. Checca, wewe wa macho, njoo utazame shingo hii vizuri."

Checca alikuja. Aliitazama. Wote walikuwa wameiona ile picha, na sasa waliosimama kwenye ngazi nyuma yangu walikuwa wanaiona tena, shingo ileile, nukta ileile, jua upande uleule. Sikumwona Checca usoni kwa sababu alikuwa nyuma yangu, lakini kwa mara ya kwanza tangu nihamie ukuta ule sikusikia neno lake. Mbele yangu nilimwona mwanamke mmoja akijifanyia ishara ya msalaba, na mwingine, wa umri wangu, mjane pia, akigusa kisogo chake mwenyewe bila kujua.

Nilimnong'oneza Bibiana kwamba siwezi kuivaa, mjane havai. Akaninong'oneza karibu na sikio:

"Miaka ishirini na miwili niliifungia sandukuni. Sikuthubutu hata kuishika. Vaa, Diomira."

Kisha akamshika Ersilia mkono, akamwingiza kanisani yeye mwenyewe, huku akimwambia asikanyage pindo.

Mimi nilikaa benchi la pili. Misa nzima sikusikia hata neno moja la Padri. Nilikuwa naisikia tu ile fedha kichwani, ubaridi wake, mpaka ikapata joto.